Moto, Volti na Mkondo: Kuunga Kifaa cha GPS kwenye Umeme wa Pikipiki, Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, betri iliyoishiwa nguvu husemwa kuwa "haina moto", waya utokao kwenye ncha chanya huitwa "waya wa moto", na umeme wa majumbani huitwa "stima", neno ambalo asili yake ni mvuke na meli za mvuke. Maneno haya humfaa mtu anayetaka kuwasha taa tu. Humpotosha anayetaka kuunga kifaa cha GPS kwenye pikipiki, kwani neno "moto" hapo hufumbata mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa: volti, mkondo na akiba ya betri. Makala haya yanafafanua namna kazi hiyo inavyofanywa, kwa kurejelea mazingira ya Lodwar na Kakuma katika Kaunti ya Turkana, na yanazitazama baadhi ya istilahi ambazo fundi na msomi wa Kiswahili huzitumia kuieleza.

Kati ya Lodwar na Kakuma pana takriban kilomita 120 kwa barabara kuu ya A1. Anayeifuata barabara hiyo hahitaji setilaiti kumwonyesha njia. Haja huanza anapoiacha: mhudumu wa chanjo anayefuata familia zilizohama na mifugo, mkaguzi wa visima, au mwendeshaji wa bodaboda aliyekodiwa kwenda bomani kusikokuwa na alama isipokuwa mchanga na migunga. Kakuma kwenyewe, mji uliopanuka tangu kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa mwaka 1992, pikipiki ni riziki ya vijana wengi. Wapo pia waendeshaji ambao hawakuomba GPS, lakini wanaibeba. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na baadhi ya wakopeshaji huficha chini ya kiti kifaa cha kufuatilia pikipiki hadi deni liishe. Hao nao wana haki ya kujua kifaa hicho kinakula nini, na kinakula kutoka wapi.

Kifaa kinachosikiliza

Mfumo wa GPS ni mali ya Marekani. Uliundwa kwa matumizi ya kijeshi, ukihitaji setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, ishara walizozipata raia zilikuwa zikivurugwa kwa makusudi, hivyo mahali palipoonyeshwa paliweza kukosewa kwa makumi ya mita na zaidi. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, kifaa kidogo cha mkononi kikawa na manufaa hata kwa anayetafuta kisima kimoja katika uwanda mpana.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba kipokezi cha GPS hakitumi chochote angani. Kinasikiliza tu ishara za setilaiti nne au zaidi, kisha kinakokotoa umbali. Kikikosa umeme huwa kiziwi, basi. Kifaa cha kufuatilia pikipiki ni tofauti, kwa maana ndani yake mna sehemu mbili: kipokezi cha GPS, na simu ndogo inayotuma taarifa kupitia mtandao. Pale mtandao unapofifia, kama inavyotokea katika sehemu nyingi za Turkana, ile simu ndogo huongeza juhudi za kuutafuta na hivyo hula umeme zaidi. Mwendeshaji anayelalamika kwamba betri yake hufa haraka akirudi kutoka nyikani kuliko akishinda mjini huenda anasema kweli tupu.

Tangi, bomba na kimo

Njia rahisi ya kuyatenganisha yale mambo matatu ni kulitazama tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo kando ya kisima. Kimo cha tangi ndicho kinachoyapa maji msukumo. Huo ni mfano wa volti. Kiasi cha maji kinachopita bombani kwa sekunde ni mfano wa mkondo, unaopimwa kwa ampea. Wingi wa maji yaliyomo tangini ni mfano wa akiba ya betri, inayopimwa kwa ampea-saa. Tangi linaweza kuwa juu sana na likawa karibu tupu. Vivyo hivyo, kusema kwamba betri "ina moto" hakuelezi lolote kuhusu muda ambao moto huo utadumu.

Pikipiki za kawaida za bodaboda zina mfumo wa volti 12. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, jenereta ndogo iliyomo ndani yake huzalisha umeme unaopitia kidhibiti, na kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Vifaa vingi vya GPS vya mkononi, pamoja na simu, huchajiwa kwa volti 5. Kwa hiyo kifaa kama hicho kikiungwa moja kwa moja kwenye betri, kitapata karibu mara tatu ya msukumo kinaoustahimili, na hakitaishi muda wa kutosha kumwonyesha mtu chochote. Kinachohitajika katikati ni kipunguza-volti. Vifaa vya kufuatilia pikipiki kwa kawaida huja na kipunguza-volti ndani yao; vya mkononi sivyo.

Hesabu za mkondo si ngumu, na zinastahili kufanywa kabla ya kushika koleo. Kifaa kinachopokea volti 5 na nusu ampea hutumia wati 2.5. Kwa kuwa kipunguza-volti nacho hupoteza kidogo kama joto, tuseme wati 3 ndizo zinazotoka kwenye betri, yaani robo ampea kwa volti 12. Hizo hazifiki sehemu moja ya kumi ya taa ya mbele ya wati 35. Injini ikiwa inafanya kazi, jenereta hata haitambui mzigo huo.

Tatizo ni pikipiki iliyolazwa. Betri ndogo ya ampea-saa 5, ikinyonywa robo ampea bila kukoma, kwa hesabu hukauka kwa saa 20, na uwezo wa kuwasha injini kwa kitufe hupotea mapema kuliko hapo. Hata kifaa cha kufuatilia kinachokula ampea 0.05 tu huimaliza betri hiyo kwa saa 100, yaani siku nne na ushei. Hiyo ni betri mpya. Joto la Lodwar, ambalo mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi, hukausha maji ya betri za kawaida na kuzizeesha, kwa hiyo ampea-saa 5 zilizoandikwa ubavuni huenda zimebaki 3. Mwendeshaji aliyelala kwa wenyeji wake siku tatu mbali na barabara, akaamka asubuhi ya nne na mgonjwa wa kupelekwa Lodwar, anaweza kukuta injini haiitiki. Mwenye bahati pikipiki yake ina kiki na itakubali kuwaka kwa mguu.

Njia ya waya

Hapa ndipo hesabu inapogeuka kuwa kazi ya mikono. Kifaa ambacho mwendeshaji anakihitaji akiwa safarini tu kisiungwe moja kwa moja kwenye betri. Kiungwe kwenye waya ambao hupata umeme ufunguo unapofunguliwa na kuukosa unapofungwa, kwa mfano ule unaolisha honi au taa ya breki. Waya huo hautambuliwi kwa rangi pekee, maana pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watatu huwa na rangi zisizoaminika. Hutambuliwa kwa kipimo, au kwa taa ndogo ya kujaribia: ufunguo ukifunguliwa iwake, ukifungwa izime.

Kabla ya kukata chochote, ncha hasi ya betri hufunguliwa kwanza, na ndiyo hufungwa mwisho. Sababu yake ni ya kimantiki. Fremu yote ya pikipiki imeunganishwa na ncha hasi. Ikiwa fundi ataanza na ile chanya na spana yake ikagusa fremu, mkondo wote wa betri utapita kwenye spana hiyo. Ncha hasi ikiwa tayari imefunguliwa, spana ikigusa fremu hapatatokea lolote. (Kwa mfugaji, neno "hasi" huleta pia fikra ya beberu au fahali aliyehasiwa. Utata huo hauna madhara, ila mwalimu anayefundisha umeme Turkana asishangae darasa likicheka.)

Fyuzi huwekwa kwenye waya chanya, karibu kabisa na pale umeme unapochukuliwa. Kwa mzigo wa robo ampea, fyuzi ya ampea 1 yatosha. Wengi hudhani kwamba fyuzi hulinda kifaa. La hasha, hulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa fremu, sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi, na ndiyo sababu sehemu hiyo hufanywa fupi. Anayeiweka fyuzi mwishoni, karibu na kifaa, ameuacha waya mzima bila ulinzi, tena chini ya tangi la petroli. Anayeifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara baada ya kuungua, huyo hana fyuzi kabisa.

Maungio nayo yana siri zake. Neno "lehemu" ni la kale katika Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, na kazi yake inaheshimika. Hata hivyo, kwenye pikipiki lehemu ina udhaifu: huufanya waya kuwa mkavu, na mtikisiko huukata pale ukavu unapokutana na ulaini. Kwa hiyo kiungio cha kubanwa kwa koleo, kikafunikwa mpira unaonywea kwa joto, hudumu zaidi kwenye njia zenye mawe. Waya uachwe na ulegevu shingoni mwa usukani, kwani usukani hugeuka mara maelfu kwa siku. Upinde pia uelekee chini kabla ya kuingia kwenye kifaa, ili maji ya mvua, au ya lagga ya Tarach inapofurika, yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani.

Bodi, ardhi na nyaya

Msomi wa Kiswahili ana la kujifunza kwa fundi hapa. Vitabu hutafsiri upande wa kurejea kwa mkondo kuwa "ardhi". Katika nyumba istilahi hiyo ni sahihi, kwani waya huzikwa udongoni. Katika pikipiki inapotosha: chombo kimesimama juu ya mpira, na hakuna mkondo uendao mchangani. Fundi husema "bodi", akimaanisha fremu, na neno lake linaeleza hasa kinachotokea. Pia linaonyesha kasoro: bodi yenye kutu au rangi nzito haipitishi mkondo vizuri, hivyo waya hasi wa GPS ni bora urudi hadi kwenye betri yenyewe.

Neno "waya" nalo limefanya safari ya kupendeza. Lilikopwa kutoka Kiingereza, lakini kwa kuwa linaanza kwa sauti inayofanana na ile ya "wembe" na "wimbo", wasemaji wakalipa wingi wa "nyaya" kama "nyembe" na "nyimbo". Ni mkopo uliopewa uraia kamili wa ngeli. Na kitenzi kinachoandamana nalo kinadai uangalifu wa sikio: waya ulioungwa ni mzima, ulioungua ni wa kutupwa. Fundi wa Kakuma, ambaye siku moja huhudumia Mturkana, Msomali, Msudani Kusini na Mkongomani ambaye istilahi zake za umeme huenda ni za Kifaransa, hutegemea Kiswahili kutofautisha maneno hayo mawili.

Kazi ikiisha, jaribio la mwisho hufanywa usiku. Betri hupimwa jioni, saa moja au mbili baada ya injini kuzimwa, na ufunguo ukiwa umefungwa. Kisha hupimwa tena alfajiri kabla ya kuguswa. Ikiwa ilionyesha volti 12.6 na asubuhi inaonyesha 12.6 au pungufu kidogo sana, kazi imekubali. Ikiwa imeshuka hadi 12.2, kuna kitu ambacho kimekesha kikinywa, na nyaya zifunguliwe moja baada ya nyingine mpaka kipatikane.