"Mpira" Upi? Istilahi za Uvujaji wa Mafuta ya Usukani

Katika miongozo ya magari makuukuu yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne, neno mpira hubeba dhana mbili: bomba linyumbukalo lipitishalo mafuta ya usukani kwa shinikizo, na pete izuiayo mafuta yasivuje kandokando ya mhimili. Fundi akiandikiwa "badilisha mpira", huenda akabadilisha bomba hali iliyochakaa ni pete, na mafuta yakaendelea kuvuja. Hivyo twapendekeza hozi kwa bomba na sili kwa pete. Maneno hayo yamekwisha zoeleka gerejini. Aidha, "ongeza mafuta" haitoshi. Mafuta ya breki yakitiwa katika usukani huziharibu sili zenyewe. Mfasiri na aandike kwa ukamilifu: mafuta ya usukani.