Programu za bure kutoka Ottawa zilivyozifungulia redio ndogo mlango wa dijitali

Mwaka 2012, katika mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, mhandisi Rashid Mustapha alianza kurusha redio ya dijitali kwa kutumia kompyuta ya kawaida. Mustapha alikuwa mfanyakazi wa Ofcom, taasisi ya serikali inayosimamia mawasiliano nchini humo. Kompyuta ile iliunganishwa na kisanduku kidogo cha kugeuza data kuwa mawimbi, kisha kifaa cha kuongeza nguvu, chujio na antena. Programu zilizofanya kazi ngumu zilikuwa za bure, na kila mtu angeweza kuzipakua.

Kabla ya hapo, kurusha redio ya dijitali kulihitaji mitambo ya bei kali iliyonunuliwa kwa makampuni machache. Ndiyo sababu redio za mitaa zilibaki nje.

Kwenye FM, kila redio ina masafa yake na mtambo wake. Kwenye mfumo wa dijitali unaoitwa DAB, redio nyingi zinakusanywa katika kifurushi kimoja kinachorushwa na mtambo mmoja kwenye masafa mamoja. Kwa mfumo mpya zaidi, DAB+, uliotoka mwaka 2007, kifurushi hicho hubeba kwa kawaida kilobiti 1,152 kwa sekunde. Ukiipa kila redio kilobiti 64, ambazo zinatosha kwa sauti nzuri, zinaingia redio 18.

Lakini kwenye kifurushi hakuna anayeingia bila ruhusa ya mwenye nacho. Nchini Uingereza vifurushi vilijengwa vikubwa, kila kimoja kikifunika wilaya nzima au inchi nzima, na redio iliyotaka nafasi ilidaiwa maelfu ya pauni kwa mwaka. Redio ya jumuiya yenye wasikilizaji katika kata mbili ililazimishwa kulipia hata maeneo ambako hakuna anayeijua. Ni kama kukodi lori zima kwa kupeleka gunia moja la muhogo sokoni. Na FM katika miji mikubwa ilikuwa imejaa.

Programu alizotumia Mustapha zilianzia mbali. DAB yenyewe ilizaliwa Ulaya, katika mradi wa utafiti ulioitwa Eureka 147, ulioanza mwaka 1987. BBC ilianza kurusha kwa mfumo huo mwezi wa tisa mwaka 1995. Kanada nayo ilijaribu, lakini ilichagua masafa ya juu kushinda yale yaliyopendwa Ulaya. Vipokezi vya masafa hayo vilikuwa vichache na vya bei, wasikilizaji hawakuja, na baada ya karibu miaka kumi mitambo ikazimwa.

Hata hivyo, karibu na Ottawa, watafiti wa kituo cha serikali cha utafiti wa mawasiliano, CRC, walikuwa wameandika programu za kuunganisha redio katika kifurushi na kukigeuza kuwa mawimbi. Walizitoa kwa leseni huru: yeyote aweza kuzitumia, kuzifungua na kuzirekebisha. CRC ilipoacha kuziendeleza, chama kisicho cha faida cha Geneva, Opendigitalradio, kilizichukua, na hadi leo wahandisi wa kujitolea wanazitengeneza. Kwa hiyo inchi ambayo DAB iliishinda ndiyo iliyozipa redio ndogo za Ulaya chombo cha kazi. Wanasiasa wanaodai kila utafiti ulete faida upesi wangefanya vema kuitazama habari hii mara mbili.

Mfumo huu unavumilia pia mwangwi, jambo ambalo mkaaji wa mji wa milima kama Bukavu atalielewa haraka. Wimbi la FM likigonga mlima na kurudi limechelewa, linaharibu lile lililokuja moja kwa moja, na sauti inakwaruza. Katika DAB data hugawanywa juu ya vibebeo 1,536 vidogo, na kila alama inaachiwa nafasi ya kungojea ya sehemu 246 kati ya milioni moja za sekunde. Wimbi lililochelewa kwa njia ndefu zaidi hadi kilomita 70 hivi halileti madhara. Ndiyo sababu mitambo miwili jirani inaweza kutumia masafa yale yale na kusaidiana, sherti saa zao zilingane kabisa, kazi inayofanywa kwa GPS.

Baada ya Brighton, serikali ya Uingereza ilitoa pesa za majaribio katika miji 10, ikiwemo Glasgow, Manchester, Bristol na Norwich. Yalianza mwaka 2015 yakipangwa kudumu miezi tisa, lakini yaliongezwa muda mara kadhaa kwa sababu redio zilizoingia hazikutaka kutoka. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017, na leseni za kwanza za vifurushi vidogo zikatolewa mwaka 2021.

Kwa inchi ambako mtambo unaishi kwa mazutu, hesabu inavutia: redio 18 zikigawana mashine moja ya umeme badala ya kila moja kuwasha yake. Afrika Kusini ilianza majaribio ya DAB+ mwaka 2014 katika eneo la Johannesburg na Pretoria. Masafa yenyewe si ya kutafuta, kwani mapatano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyopanga pia kuhama kwa televisheni ya Afrika kwenda dijitali, yaliweka nafasi ya redio ya dijitali kati ya megahezi 174 na 230.

Kuna vizuizi viwili, na si vidogo. Cha kwanza ni kipokezi. Redio ya FM iliyo ndani ya simu haishiki DAB, na mkulima hatanunua redio mpya kusudi tu aifurahishe serikali. Norvege, inchi tajiri, ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017 na ikakuta magari mengi hayana kipokezi. Redio nyingi ndogo za mitaa ziliruhusiwa kubaki kwenye FM.

Cha pili ni usalama wa sauti zenyewe. Mtambo mmoja wa FM ukizimwa, redio moja inanyamaza. Kifurushi kikizimwa, kwa hitilafu au kwa amri, zote 18 zinanyamaza kwa wakati mmoja.

Waingereza walishughulika mapema na upande wa mlango. Kanuni zao zinamtaka mwenye kifurushi kidogo aache sehemu maalum kwa redio za jumuiya, na atangaze hadharani bei anayotoza.