Makumbi ya Nazi au Udongo: Mboga Zetu Zitakula Nini?

Siku hizi akina mama wengi wamesikia habari za kilimo kisichotumia udongo. Unga wa makumbi ya nazi huuzwa umekandamizwa kama tofali. Ukilowekwa maji huumuka, nao hutiwa katika ndoo au mifuko na kupandwa nyanya, hoho au sukuma wiki hapo hapo uani. Tofali la kilo 5 hutoa lita 60 hivi au zaidi. Habari hizi ni za kweli. Lakini kikundi cha Mugumu au Sirari kinapotaka kufungua sanduku la akiba kwa ajili ya jambo hili, kuna swali ambalo wauzaji hawalitaji sana: mmea utakula nini, na kwa gharama gani?

Makumbi hayana chakula cha kutosha mmea. Yana potasiamu, na mara nyingi chumvi pia. Huko Unguja akina mama huyafukia pwani kwa miezi kadhaa kabla ya kuyaponda na kusokota kamba za usumba. Unga wa makumbi ya namna hiyo usiposuuzwa vizuri huunguza miche. Tena makumbi mapya hunyakua kalsiamu na magnesiamu tunayoyapa, yakaachia potasiamu. Ndipo nyanya huoza kitako ingawa mama amemwagilia kila siku.

Kwa hiyo kila maji yanayotiwa hayana budi kuwa na mbolea ya kuyeyuka, yenye virutubisho vyote, mpaka mavuno ya mwisho. Sehemu ya maji hayo huachwa yachuruzike chini ili chumvi isirundikane, na mbolea huchuruzika nayo. Ukisahau siku chache majani hugeuka manjano, kwa maana hakuna akiba.

Udongo una akiba. Mfinyanzi na mboji hushika chakula, na vijidudu visivyoonekana huozesha samadi na kuutolea mmea polepole. Mama akienda msibani siku tatu, mchicha wake haufi njaa.

Tupige hesabu ya naitrojeni peke yake. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ruzuku ya mbolea ilipoanza, msimu wa 2022/23, mfuko huo ulipangiwa shilingi 70,000. Yaani kilo moja ya naitrojeni kwa shilingi 3,000 na kidogo. Urea haifai kuwa chakula cha kila siku katika makumbi, kwa sababu huhitaji vijidudu vya udongoni viigeuze kwanza. Huko hutumika naitreti ya kalsiamu, na mfuko wake wa kilo 25 hauna hata kilo 4 za naitrojeni. Ni kweli unaleta kalsiamu pia, lakini bado utanunua fosforasi, magnesiamu na madini madogo madogo.

Na samadi? Tani moja ya samadi ya ng'ombe ina kilo 5 hivi za naitrojeni. Ni kidogo, na kuibeba kunachosha mgongo. Lakini Wilaya ya Serengeti na Tarime ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe ni wa mzee. Samadi ya zizini sijui ni nani anayeigombea! Tunakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya mtini usiozaa, jinsi mtunza shamba alivyoomba mwaka mmoja ili aupalilie na kuutilia samadi. Ifunikeni kwa majani au turubai, maana jua na mvua huondoa nguvu yake kabla haijafika bustanini.

Tena minazi iko pwani, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Tarime, na nauli ya tofali analipa mnunuzi.

Hata hivyo hatusemi makumbi hayafai kabisa. Mahali ambapo mnyauko wa bakteria au minyoo ya mizizi imeharibu bustani, yanaokoa zao. Yanashika maji mengi, na hilo si dogo kwa upande wa Mugumu wakati wa kiangazi. Lakini kwa maoni yetu mahali pake hasa ni kitaluni. Mche mchanga hula kidogo sana, hukaa katika trei wiki nne hivi, kisha huhamishiwa kwenye tuta lenye samadi. Tofali moja huweza kujaza trei nyingi, hivyo wanakikundi watano au sita wanaweza kulinunua pamoja na kugawana kwa kopo.