Injini ya Fuso Yaingia Baharini: Lipi Kweli, Lipi Porojo

Temeke ni wilaya ya malori na ya maji kwa pamoja. Huku kuna bandari ya Kurasini na gereji za Keko na Tandika, kule kuna mkono wa bahari unaoingia Mtoni mpaka mikoko ya Kijichi. Mwenye mashua anayetaka injini yenye nguvu kwa pesa ya kuungaunga hana haja ya kwenda mbali. Ushauri nao haulipiwi, utamfuata mwenyewe. Tuupime.

"Injini ya lori haiwezi kukaa baharini." Si kweli. Perkins 4.108 imeendesha magari madogo ya mizigo na boti vilevile, na injini za Ford Lehman, zilizopata sifa kubwa kwenye boti za Marekani, zilijengwa juu ya dizeli za Ford za malori na matrekta. Chuma cha silinda hakijui kiko wapi. Kinachotofautisha ni vitu vinavyofungwa kuizunguka injini, na hapo ndipo watu wanapofanya ubahili mahali pasipo pake.

Anza na upoozaji. Rejeta haina kazi ndani ya mashua, maana hakuna upepo wa kuipiga. Fundi mwenye haraka huvuta maji ya bahari moja kwa moja na kuyapitisha kwenye bloku. Mwanzoni itapoa vizuri sana. Lakini maji ya chumvi yakipita nyuzi 60 hivi huanza kuacha ukoko mgumu kwenye njia zake, na injini ya dizeli ya lori imepangiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na zaidi. Njia zinajiziba kidogokidogo, kutu inakula gasketi ya silinda hedi, halafu siku moja katikati ya safari ya Mafia injini inachemsha na mwenyewe anailaumu gasketi. Dawa yake si ghali: maji yasiyo na chumvi, yenye dawa ya kuzuia kutu, yanazunguka ndani ya injini, yanashuka kwenye mabomba yaliyofungwa nje kandokando ya mkuku, yanapozwa na bahari, kisha yanarudi. Chumvi haigusi injini hata siku moja.

La pili ni msukumo. Propela inaposukuma maji nyuma, shafti nayo inasukumwa mbele, na nguvu hiyo lazima ipokelewe na kitu. Giaboksi ya lori haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna giaboksi ya boti, weka beringi ya kupokea msukumo na uifunge kwenye mbao nene zinazobeba injini, la sivyo utanunua giaboksi mara mbili. Bomba la moshi nalo livikwe kizuia joto kila linapopita karibu na mbao.

La tatu ni kasi ya injini yenyewe. Lori hupanda, hushuka, husubiri foleni ya Mbagala. Mashua iko kwenye mlima usio na mteremko, saa nzima baada ya saa nzima. Kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha injini isihesabiwe yote. Ukipunguza mizunguko kwa moja ya tano, propela inadai karibu nusu tu ya nguvu, na mafuta yanapungua vivyo hivyo. Injini kubwa kidogo inayokwenda taratibu itaizika ile ndogo inayolia muda wote. Na kabla ya kupakia abiria, chombo kikaguliwe na TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Wenye vyombo wengi hulikumbuka hilo baada ya pesa kwisha.

"Basi hata injini ya petroli ya Toyota Noah itafaa." Hapana, na hapa sina mzaha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja hauondoki, unashuka ngamani na kukaa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50. Starta na alteneta za gari hutoa cheche. Injini za petroli za ndani ya boti zipo, MerCruiser wamezitengeneza kwa miaka mingi kwa bloku za General Motors, ila starta zake zimezibwa ili cheche isitoke, na chumba chake kina feni ya kutoa mvuke. Mashine za kufunga nyuma hazina shida hiyo kwa sababu zinaning'inia kwenye upepo.

"Ukiongeza farasi, umeongeza kasi." Inategemea chombo. Boti nyepesi ya faiba yenye tako bapa huinuka na kuteleza juu ya maji, na huko farasi wana faida. Mashua pana ya mbao yenye mzigo haiinuki. Yenye urefu wa mita 9 kwenye mstari wa maji itafika noti 7 na kidogo, karibu kilomita 13 kwa saa, kisha itaanza kupanda wimbi lake yenyewe. Kuanzia hapo hata ukiongeza injini maradufu utapata wimbi kubwa zaidi na bili kubwa zaidi.

"Propela ni propela." Porojo. Ukibadili mlalo wa mapanga kwa inchi moja, injini ya kufunga nyuma hubadilika kwa mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Ikiwa kwa gesi yote na mzigo wa kawaida haifikii mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, propela ni nzito mno na injini inakabwa. Kabla ya kumlipa mtu achonge kabureta, jaribu propela nyingine.

"Oili yoyote ya 2T ni sawa, na ukizidisha ndiyo salama." Makosa mawili kwa mpigo. Mashine ya boti ya viharusi viwili hupozwa kwa maji, nayo hutaka oili yenye alama ya TC-W3, isiyoacha majivu. Oili ya misumeno na pikipiki huchafua plagi na kugandisha ringi. Na ukizidisha oili umepunguza petroli kwenye mchanganyiko, kwa hiyo moto unakuwa mkali zaidi. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, dumu la lita 20 linachukua mililita 400, basi.

"Injini iliyozama imekufa." Wakati mwingine tu. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, baada ya kupaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zilezile za mvuke. Bahari haina huruma ya ziwa, lakini adui hasa ni hewa inayokutana na chuma kilicholowa chumvi. Mashine ikizama Mtoni, isafishe kwa maji ya bomba siku hiyohiyo, toa plagi, mwaga maji yote, mimina oili kwenye silinda na uivute kamba mara kadhaa. Kama fundi hapatikani mpaka kesho, usiianike juani. Iloweke kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi mpaka afike.