Pombe ya Wazee na Kahawa Yetu

Watu wa pwani husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali ni yetu, ingawa tembo lenyewe dini imetuharimishia. Basi msomaji asistaajabu nikimwandikia habari za pombe. Mukurweini sikwenda kuonja, nilikwenda kusikiliza.

Mzee mmoja wa huko Nyeri alinikaribisha kwake. "Wewe ni Mwislamu, bwana, utakunywa chai," akasema, kisha akanionyesha kibuyu kikubwa cha marehemu babake. Humo ilichachushwa muratina, pombe ya asali au maji ya miwa, kwa tunda kavu la mti wa mwegea.

Zamani Wakikuyu hawakuwa na kilabu. Pombe ilitengenezwa kwa jambo: posa, mahari, au wazee kukata shauri. Kwanza ilimwagwa kidogo chini kwa ajili ya wahenga. Vijana hawakuruhusiwa kuigusa.

Ukoloni ulipoingia Nyeri mwaka 1902, mambo yakageuka. Wazungu wakawa na hoteli yao, White Rhino, ambamo Mwafrika aliingia kwa utumishi tu. Wamisheni wa Tumutumu wakawakataza waumini wao pombe. Nao vijana waliokwenda Nairobi kutafuta fedha za kodi wakaikuta inauzwa. Miaka ya 1920 baraza la mji lilishika peke yake biashara ya pombe ya Waafrika huko Pumwani, mtaa uliokuwa na Waislamu wengi, na faida yake ikalipia huduma za Waafrika hao hao.

Nikamwuliza mzee, je, kilabu kilikuwa na heri yoyote?

"Aliye mbali na kwao alipata habari pale," akajibu. "Nani kafa, nani kaoa, wapi kuna kazi. Lakini hapakuwa na mzee wa kumwambia kijana, basi, yatosha."

Neno hilo lilinichoma. Februari 2024, Kirinyaga, jirani na Nyeri, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi.

Lakini tusiwacheke watu wa bara. Sisi tuna baraza na dele la kahawa, na habari ni zile zile, bila ulevi, alhamdulillahi. Hata hivyo, vijana wetu wangapi wameiacha baraza wakaangamizwa na unga? Nasi je, tunaye mzee wa kuwaambia yatosha?