Gramu kumi hewani

Nchini Uingereza, kwenye mashindano ya taifa ya ndege za mfano za ukumbini yanayosimamiwa na chama cha BMFA, kuna daraja liitwalo Kit Scale. Mshiriki ananunua boksi lenye ramani, vijiti vya mti wa balsa na karatasi ya shashi. Anaunda ndege inayofanana na ndege halisi, kisha anairusha ndani ya ukumbi wa michezo kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Hakuna injini wala rimoti. Ikishatoka mkononi imetoka, na mwenyewe hubaki kuomba tu isiende kunasa kwenye mabomba ya dari.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege yake ya mpira jijini Paris mwaka 1871, ikakaa hewani sekunde 11, miaka 32 kabla ya akina Wright kuruka.

Ndege mbili zilizotoka kwenye maboksi ya aina moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi, na chanzo karibu kila mara ni uzito. Ndege ikizidi uzito mara nne, mabawa yakiwa yale yale, italazimika kwenda kwa kasi maradufu ili isianguke. Ikigonga ukuta kwa kasi hiyo, nishati ya pigo ni mara 16, kwa kuwa uzito umeongezeka mara nne na kasi ikizidishwa kwa kasi inaleta nne nyingine. Kwa hiyo ndege nyepesi hugusa ukuta, ikadondoka, ikaokotwa na kurushwa tena. Nzito huzolewa kwa ufagio. Kasi hiyo hiyo pia huitaka ndege ipige kona pana, na uwanja wa mpira wa kikapu hauna nafasi ya kona pana.

Katika daraja la Peanut, lililoanzia Marekani, upana kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine hauzidi inchi 13, yaani sentimeta 33. Ndege nzuri ya ukubwa huo ina gramu kumi hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari.

Gramu hizo hupotelea wapi? Kwanza kwenye mti. Balsa za boksi moja zinaweza kuanzia kilo 100 hadi zaidi ya 200 kwa meta ya ujazo, na kwa macho zote ni nyeupe tu. Pale kanuni zinaporuhusu, fundi mzoefu hupima kila ubao kwenye mizani na kubadili ulio mzito. Halafu kuna rangi, adui anayekuja akiwa amevaa vizuri: mafundi wengi hutumia shashi iliyokwisha tiwa rangi badala ya kupaka. Ila pa kuchunga kuliko pote ni mkia. Uko mbali na kitovu cha uzito, ilhali pua ya ndege nyingi ni fupi, hivyo gramu moja ya ziada mkiani huweza kudai gramu mbili au tatu za udongo puani ili ndege isawazike. Mtu anayebana gundi mabawani na kuimwaga mkiani hajafanya kitu.

Mpira nao una elimu yake. Hupakwa kilainishi ili nyuzi zisikwaruzane, kisha huvutwa hadi mara nne au zaidi ya urefu wake. Husokotwa ukiwa umevutwa hivyo, na msokotaji husogea taratibu kuelekea kwenye ndege kadiri misokoto inavyojaa. Ndege ya sentimeta 33 inaweza kubeba zaidi ya misokoto elfu moja, ndiyo maana wengine hugeuza keekee ya mkono kuwa kisokotio. Tatizo ni kwamba mpira hautoi nguvu kwa usawa. Sekunde za mwanzo hufyatuka kwa fujo, baadaye hutulia, mwishoni hulegea. Ile fujo ya mwanzo huinua pua kupita kiasi na kuupindua mwili upande ulio kinyume na mzunguko wa propela. Dawa yake ni kuelekeza ekseli ya propela chini kidogo na pembeni kidogo, tena kwa digrii chache tu, kisha kujaribu kwa misokoto michache kabla ya kuijaza yote.

Majaji wa Kit Scale huikagua ndege mezani, kisha huitazama inavyoondoka sakafuni, inavyopanda, inavyozunguka na kutua. Mimi naunga mkono utaratibu huu kuliko ule wa kutanguliza saa, yaani muda wa kukaa hewani. Saa ikitawala, kila mtu hukimbilia umbo lile lile linaloelea vizuri. Ndivyo ilivyopata umaarufu katika Peanut ndege ya Kimarekani Lacey M-10, yenye mwili kama sanduku na bawa pana la juu. Inaruka vizuri, sikatai, lakini zikipangwa sita mezani huwezi kuzitofautisha ila kwa rangi.

Kwa anayeanza, boksi la Piper Cub linafaa: bawa liko juu, mkia ni mkubwa, mwili hauna mikunjo ya kutesa vidole. Spitfire inavutia zaidi dukani, lakini bawa lake liko chini na ncha zake zimenyanyuka kidogo tu, kwa hiyo ikiinama upande mmoja haina haraka ya kujirudisha. Kununua boksi hilo si vibaya, mradi lisubiri rafuni hadi Cub ya kwanza ijifunze kuzunguka ukumbi bila kugusa kitu.