Seli Mundu: Hesabu ya Urithi Inayofika Hadi Nyumbani

Mada ya urithi katika Biolojia ya kidato cha nne wengi huisoma kwa mbaazi za Mendel: ndefu kwa fupi, njano kwa kijani. Hakuna ubaya. Lakini kwa mtahiniwa wa Shinyanga, Geita, Mwanza, Simiyu au Mara upo mfano ulio karibu zaidi, nao umo katika damu ya watu anaoishi nao. Vipimo vya watoto wachanga katika mikoa ya kaskazini magharibi ya Tanzania vimeonyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watano amerithi jeni moja ya seli mundu, na takriban mmoja kati ya mia amezaliwa na ugonjwa wenyewe. Chukua darasa lenye wanafunzi hamsini. Kumi hivi wanabeba jeni hiyo, na karibu wote hawajui.

Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza, hilo tunalijua. Elewa kwanza kwa lugha unayoiota usiku, kisha kariri istilahi. Anayefanya kinyume chake hukwama swali likigeuzwa kidogo.

Kinachotokea ndani ya damu

Seli nyekundu ya damu hubeba oksijeni kwa kutumia protini iitwayo himoglobini. Maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya protini hiyo yako kwenye jeni iliyopo katika kromosomu ya 11. Kwa mtu mwenye jeni ya seli mundu, herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta, iliyopaswa kuwa glutamiki, inakuwa valini. Kosa la herufi moja! Himoglobini ya namna hii ikiachia oksijeni hushikamana na zenzake na kufanya vijiti ndani ya seli. Seli iliyokuwa laini na ya mviringo hujikunja, ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Ndipo jina lilipotoka.

Kutokana na hapo matatizo ni mawili, na ukiyashika haya mawili dalili zote utazieleza bila kukariri. La kwanza, seli hizo huvunjika mapema. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mundu huishi siku 10 hadi 20. Mwili haukimbizani na kasi hiyo, ndiyo maana mgonjwa ana upungufu wa damu, na mabaki ya seli zilizovunjika ndiyo yanayofanya macho yawe ya njano. La pili, seli hizo ni ngumu na hunasa kwenye mishipa midogo. Mahali zinaponasa, oksijeni haifiki, na mgonjwa anapata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Zikinasa kwenye ubongo ni kiharusi, hata kwa mtoto. Zikinasa kwenye wengu mara nyingi, wengu hufa polepole, na mtoto anapoteza mlinzi wake dhidi ya bakteria wa nimonia na uti wa mgongo.

Kwa nini mtoto huanza kuugua akiwa na miezi sita

Hapa watahiniwa wengi hupita haraka, nami ningependa tukae kidogo.

Mtoto mwenye seli mundu huzaliwa mzima kabisa. Ananyonya, anacheka, ananenepa. Akifikisha karibu miezi sita vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia usiku kucha, anapauka. Ukoo unakaa kikao. Nani alimtembelea? Nani alimsifia? Na mara nyingi jibu linalopatikana kwenye kikao cha namna hiyo ni jina la bibi fulani jirani, au la mke mwenza. Mtoto anapelekwa kuchanjwa chale.

Biolojia ina jibu lingine. Mtoto tumboni hutumia himoglobini ya kitoto, ambayo haina mnyororo wa beta, kwa hiyo kosa la jeni halionekani. Baada ya kuzaliwa, himoglobini hiyo hupungua kidogo kidogo na nafasi yake kuchukuliwa na ya kikubwa. Kufikia miezi sita ile yenye kosa ndiyo imekuwa nyingi. Ugonjwa ulikuwepo tangu siku ya kutungwa mimba. Ulikuwa unasubiri tu zamu ya himoglobini yake. Mtahiniwa anayeweza kueleza aya hii moja kwa shangazi yake, kwa upole, amefanya kazi kubwa kuliko ya kujaza kijitabu cha majibu.

Hesabu yenyewe

Andika A kwa jeni ya kawaida na S kwa jeni ya seli mundu. Kila mtu ana mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. AA hana jeni ya ugonjwa. AS ni mbebaji: mzima, analima, anacheza mpira, na mara nyingi hajui lolote. SS ndiye mgonjwa. (Ukiulizwa aina ya urithi: kwa habari ya ugonjwa, S ni jeni fichwa, lakini ukitazama himoglobini yenyewe, mwenye AS hutengeneza zote mbili, hivyo hapo A na S hutawala kwa pamoja. Soma swali linauliza kipi.)

Baba AS, mama AS. Chora jedwali la miraba minne: AA, AS, AS, SS. Robo wazima kabisa, nusu wabebaji, robo wagonjwa.

Sasa tega sikio. Nikiuliza darasani hapa Tinde, “Wazazi hawa wamepata watoto watatu wazima, wa nne ana nafasi gani ya kuugua?” wengi hujibu kwa sauti moja: lazima awe mgonjwa, kwa sababu ni mmoja kati ya wanne. Sivyo. Nafasi ni robo ileile, kama ilivyokuwa kwa wa kwanza. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyopita. Wapo wazazi waliopata watoto watano bila mgonjwa hata mmoja, na wapo waliopata wagonjwa wawili mfululizo.

Jedwali hilohilo linajibu jambo jingine, linalovunja ndoa huku kwetu. Mama akizaa mtoto mwenye SS hulaumiwa kuwa ameleta ugonjwa kutoka kwao. Tazama miraba. Hakuna SS inayopatikana bila S ya baba. Baba anayesema “kwetu hakuna ugonjwa huo” anasema kweli kuhusu ugonjwa na anakosea kuhusu jeni: kwao inaweza kuwepo vizazi na vizazi bila kukutana na mwenzake.

Kwa nini jeni mbaya imebaki kuwa nyingi

Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo mwaka 1949. Akaona jeni hii ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni chache nyanda za juu zenye baridi. Pwani na ziwani kuna nini? Mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kuwa wenye AS wanakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo mahali penye malaria, mtoto wa AS alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa kuliko ndugu yake wa AA, na jeni ikaendelea. Huu ni mfano mzuri wa uteuzi asilia, na unafaa pia katika mada ya mageuko.

Lakini usiingie mtego: kinga hiyo ni ya AS. Mwenye SS akipata malaria hali yake huwa mbaya haraka, kwa kuwa damu yake tayari ni pungufu. Chandarua kwake ni cha kila usiku, masika na kiangazi.

Kupima, na kuishi

Watu huchanganya AS na kundi la damu. Kujua kwamba wewe ni kundi A, B, AB au O hakukuambii chochote kuhusu seli mundu. Kipo kipimo rahisi kinachoonyesha kama seli zinajikunja, ila hakitofautishi AS na SS. Kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, elektroforesisi, ndicho kinachosema wewe ni nani. Uliza kwa jina hilo katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kisipofanyika hapo watakuelekeza, hata ikibidi Bugando, Mwanza.

Mtoto aliyegundulika mapema hupewa penisilini kila siku hadi miaka mitano ili kumkinga na bakteria, chanjo zote, foliki asidi, na dawa ya haidroksiurea ambayo huongeza ile himoglobini ya kitoto tuliyoisema. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma asinunuliwe dukani bila daktari kusema, kwani chuma kutoka kwenye seli zilizovunjika kinabaki mwilini mwake. Kuponya kabisa kunawezekana kwa kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu anayelingana. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kazi hiyo mwaka 2023. Bado ni wachache wanaofikia huko.

Kama unakaa bweni moja na mwenye SS, jua kwamba vinavyochokoza maumivu ni kiu, baridi, uchovu mkubwa na homa. Awe na chupa ya maji darasani. Asioge maji ya baridi alfajiri ya Juni. Kumsimamisha juani kama adhabu ni hatari, na mwalimu aambiwe. Kazi ya kushuka kwenye duara kuchimba dhahabu wakati wa likizo, kama wafanyavyo vijana wengi wa kwetu, si yake hata kidogo. Akipata joto la nyuzi 38.5 au zaidi, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, viganja vyeupe ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kama ni mvulana na uume umesimama kwa maumivu bila kushuka, msisubiri asubuhi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Mwanamume AS ameoa mwanamke AA. Je, watapata mtoto mgonjwa? (Hapana. Kila mtoto ana nafasi ya nusu kuwa mbebaji.)

2. Mama ana SS, baba ana AS. Chora jedwali. (Nusu AS, nusu SS.)

3. Masanja ni mzima, ana miaka 18. Mdogo wake ana SS. Wazazi wao ni wazima. Masanja ana nafasi gani ya kuwa mbebaji? Wengi huandika nusu. Jibu ni theluthi mbili, kwa sababu mraba wa SS tunaufuta: tunajua yeye si mgonjwa. Yamebaki AA, AS, AS.

4. Masanja huyo anataka kuoa msichana wa Kanda ya Ziwa ambaye hajapimwa. Kadiria nafasi ya mtoto wao wa kwanza kuwa na SS. Zidisha: theluthi mbili, mara moja ya tano, mara robo. Unapata moja ya thelathini. Wakipima wote wawili kabla ya harusi, namba hiyo haibaki moja ya thelathini. Inakuwa ama sifuri, ama robo.